Chembe za Mwalimu Sifuna

Mwalimu Sifuna alifundisha hesabu Kitale, lakini mwaka ule moyo wake ulikuwa kwao Matulo. Makokha, mwenye machimbo ya mawe, alitaka kulipua mwamba ulio juu ya shule ya nasari ya kanisa. "Mawe hayafiki huko. Leteni ushahidi Ijumaa kwamba yatafika kwa watoto," aliwaambia wanakijiji. "La sivyo, nalipua."

Basi Sifuna akautengeneza mlipuko ule ndani ya kompyuta yake kuukuu. Baruti na mwamba akavigawa vikawa chembe ndogo ndogo, kila moja na uzito wake na mwendo wake, ikisukuma majirani zake. Mara ya kwanza chembe zilipenyana ovyo kama moshi. Ikabidi mashine ihesabu polepole, kwa hatua ndogo sana, siku baada ya siku. Ili isizidi kuchelewa, akaiamuru isihifadhi kitu mpaka imalize. Hapo ndipo alipojikwaa.

Alhamisi, akiwa shuleni, mvua ya Mlima Elgon ikashuka na radi. Mama yake, Nakhumicha, aliyekuja kumtembelea, akafanya wanavyofanya akina mama wa kwetu: akafunika kioo, akachomoa redio, akachomoa na kompyuta.

"Mama, umechomoa hii?" Sifuna aliuliza, amelowa pale mlangoni.

"Si ni radi, baba. Ulitaka nyumba iungue?"

"Ilibaki kidogo tu imalize."

"Basi rudisha stima iendelee."

Sifuna akaiwasha: hesabu zote zilikuwa zimepotea, ilipaswa kuanza upya. Mama hana kosa, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Utamkasirikiaje mtu aliyekuwa anakulinda?

Ijumaa akafika Matulo mikono mitupu.

"Mwalimu, chembe zimelala?" Makokha akamuuliza mbele za watu.

"Nipe wiki moja, mzee."

"Na vijana wangu wale nini, hesabu?"

Watu wakacheka. Sifuna akaomba angalau watoto waondolewe kwanza. Wakamkubalia kwa kumhurumia tu, na madawati akayabeba mwenyewe.

Baruti ikalia. Mawe yakaanguka mbali na nasari.

"Si nilisema hayafiki, bana?" Makokha akampiga begani, kisha akatangaza kwamba wiki ijayo atatia baruti maradufu. Watu wakapiga makofi.

Sifuna alimshukuru Mungu, tena kwa moyo wote, lakini alirudi Kitale amekunja uso. Nani angemsikiliza sasa? Hata yeye hakujua kama Makokha alisema kweli, au ni Mungu tu aliyeyashika yale mawe.