Nilimpeleka Kaka Anselm kunywa bia ya moto Minneapolis, mpaka leo sijajisamehe

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na wabeba boksi wenzangu wa ughaibuni.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika siwezi sana. Na najua mtu akianza kusimulia mnamuuliza kama ni chai, yaani stori ya kutunga. Hii siyo chai. Natamani ingekuwa chai, ningelala.

Nimekaa nayo moyoni muda mrefu, wife amechoka kunisikiliza, ndiyo maana nimeileta hapa. Mkitaka kunitukana mnitukane tu.

Kwanza mumjue Kaka Anselm.

Hakuwa ndugu yangu wa damu. Yeye mtu wa Bukoba, mimi wa Dodoma. Nilipotua Minnesota kwa green card ya bahati nasibu ilikuwa Januari, nimevaa koti la mtumba nililodhani ni la baridi. Yeye ndiye aliyekuja kunipokea airport. Hatujuani kabisa. Aliambiwa tu na watu wa kanisani kwamba kuna kijana Mtanzania anafika na hana mwenyeji.

Akaja na van yake ya kijivu, na blanketi.

Nililala kwenye sofa lake kule Crystal, pembeni ya Minneapolis, miezi saba. Alinipeleka kufanya mtihani wa leseni mara tatu, maana mara mbili nilifeli, na mara zote alikuwa ametoka shift kwenye laundry ya nursing home, macho mekundu. Hakuwahi kunikumbusha hata siku moja kwamba alinisaidia. Ukiwauliza Watanzania wa Twin Cities, yaani Minneapolis na mji pacha wake, nani alikupokea, wengi watamtaja yeye.

Mke wake alishafariki. Watoto wake wakubwa wako Mwanza. Hapa alikuwa peke yake, yeye na ile van.

Sasa twende kwenye bia.

Jumamosi mchana tulikuwa na kijiwe chetu, bar moja ya zamani Northeast Minneapolis. Dari chini, zulia linanata, TV moja ya hockey. Wazee wa Kizungu wamekaa kila mtu na kofia yake, hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Kaka Anselm alikuwa na tatizo moja ambalo Marekani nzima ililishindwa: alikuwa anakunywa bia ya moto. Nyumbani mhudumu anakuuliza baridi au moto, unajibu, maisha yanaendelea. Moto maana yake ni ile isiyopita kwenye friji, wala siyo ya kuchemsha. Hapa ukiomba bia ambayo haijapoa wanakuangalia kama umeomba supu ya viatu.

Aliyemwelewa ni mwenye bar, mama mmoja mtu mzima anaitwa Bev. Kila Jumamosi alimtolea chupa mbili kwenye kreti akaziweka juu ya heater nyuma ya kaunta, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuzigusa. Kaka akiingia tu, Bev anazishusha. Hawakuwa na maongezi mengi. Kaka alikuwa anasema huyu mama ni Mhaya aliyepotea njia.

Bev akazeeka, akauza bar. Ikafungwa, wakaziba madirisha kwa mbao, miaka mitano mizima.

Na mimi katikati hapo nikaoa, tukapata mtoto, tukanunua nyumba Blaine. Mnaoijua Blaine mnajua, bila gari wewe ni mfungwa. Kazi Fridley, nyumbani Blaine, Jumamosi nakata majani. Kaka Anselm akawa mtu wa WhatsApp. Anatuma picha ya Bikira Maria asubuhi, mimi namjibu kwa kidole gumba.

Siku moja, Aprili, bado theluji inaanguka kwa kiburi chake, akanipigia. Siyo message, simu.

"Dogo, Jumamosi una nafasi? Nina jambo dogo nataka tuongee."

Wakuu, huyu mtu miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia ana jambo. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi, maana nilikuwa na langu. Nilikuwa nimepita pale kwa Bev wiki hiyo nikakuta pamefunguliwa upya.

Nikamwambia, "Tukutane kijiweni kaka, nina surprise yako."

Wamepafumua kweli. Zulia hakuna, chini mbao zinang'aa. Ukuta wameubandua mpaka matofali yanaonekana. Taa za manjano zinaning'inia kwa nyaya, vijana wa ndevu wamejaa na laptop zao. Meza nene za mbao, mpya, zimepakwa nta mpaka unaona uso wako. Na kaunta nzima kuna mikono mirefu ya mbao imesimama.

Hiyo ndiyo surprise. Pub ilikuwa inauza real ale. Kijana wa kaunta alinieleza kwa uvumilivu, bia zenyewe zinakaa kwenye mapipa chini ya sakafu, hazisukumwi kwa gesi wala hazipozwi kwenye friji. Anaivuta kwa ule mkono, anavuta, anavuta, kama mtu wa kisima cha pampu. Inatoka ya kahawia, povu kidogo, na siyo baridi.

Nikashika kichwa. Yaani watu wamenunua bar ya Bev, wameivunja, wameijenga upya, ili watuuzie bia ya moto! Nilicheka peke yangu pale kaunta.

Kaka Anselm alifika amevaa koti kubwa na hakulivua. Nikaona amepungua. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, umependeza, umepungua." Ndiyo, wakuu. Nilimsifia.

Nikaleta glasi mbili zimejaa mpaka zinamwagika. Nikamwambia onja. Akaishika kwa mikono yote miwili, akaona haina baridi, akatabasamu tabasamu ambalo sitalisahau.

"Dogo," akasema, "Bev angeona hii."

Akalowesha midomo. Akaiweka chini.

Halafu akatoa bahasha ndani ya koti, akaiweka mezani, mbele yangu.

Mimi nikaanza kuongea.

Nikamsimulia nyumba. Basement ninavyotaka kuiweka carpet. Jirani na mbwa wake. Mashine ya theluji niliyoipata kwa bei ya kutupa. Mtoto anavyonijibu kwa Kiingereza nikimsemesha Kiswahili. Nilikuwa na furaha, nilitaka aone kwamba yule kijana wa sofani amekuwa mtu. Yeye anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema safi sana dogo, safi sana.

Katikati ya maneno nikaona glasi yangu inalowesha meza. Meza nzuri, mpya, na kijana wa ndevu alishapita na kitambaa akifuta za wenzetu. Nikaona aibu, nisije nikaonekana Mwafrika anayechafua.

Nikavuta ile bahasha, nikaweka glasi yangu juu yake.

Kaka aliiangalia.

Baadaye akaniuliza, "Alhamisi huwa unafanya kazi?"

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka moja moja: "Alhamisi niko off kaka, ndiyo siku yangu pekee. Nalala siku nzima, hata simu sipokei, hata awe Rais."

Akacheka. Akasema mtu lazima apumzike.

Niliagiza samaki na chipsi. Alikula chipsi mbili, anatafuna muda mrefu, anameza kwa kufumba macho. Samaki akaomba afungiwe. Bia iko vilevile. Nikamtania, "Kaka, hiyo unainywa au unaipasha moto zaidi?" Akanisogezea glasi. Kusema kweli moyoni nilikasirika kidogo, nikadhani ameidharau surprise yangu, anamlilia Bev wake.

Nikamnywea bia yake. Yote.

Tuliponyanyuka akaichukua bahasha yake, akairudisha ndani ya koti. Tulipofika parking, theluji inaanguka, ndipo nikakumbuka. Nikamuuliza, "Kaka, lile jambo ulilosema?"

Akawa anatafuta funguo mfukoni. "Ah, lilishapita dogo. Msalimie shemeji."

Akawasha van, akaondoka. Nami nikaenda Blaine.

Mei ikapita. Juni ikapita. Vidole gumba.

Julai nikapigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa Mama Furaha, jirani yake pale Crystal, mama wa Kikongo.

"Zakayo? Njo miye jirani ya Papa Anselme. Iko ku hôpital. Alianguka ku escalier, ambulance ikamubeba. Jina yako njo iko ku frigo yake."

Yaani kaka ameanguka kwenye ngazi, yuko hospitali, na jina alilobandika kwenye friji yake ni langu.

Sikumtambua kitandani, wakuu. Nilimpita, nikadhani ni chumba cha mtu mwingine.

Nesi akaniambia nikamletee nguo na miwani. Nikaenda kwenye ile apartment niliyolala miezi saba. Sofa liko palepale. Mezani kuna barua zimepangwa vizuri, ndivyo alivyokuwa, na ya juu kabisa ilikuwa bahasha yenye duara la kahawia.

Nilijua ni glasi yangu kabla sijaishika.

Barua ilikuwa ya hospitali. Miadi ya kipimo, wanapitisha mpira mdomoni mpaka tumboni waone kinachozuia chakula. Alhamisi, wiki ile iliyofuata baada ya sisi kukutana. Na chini, kwa herufi nene: usije peke yako, utapewa dawa ya usingizi, uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, bila mtu huyo kipimo hakitafanyika. Kurudi kwa basi hakuruhusiwi. Taxi peke yako hairuhusiwi.

Ilisema pia kwamba miadi miwili ya mwanzo aliiahirisha mwenyewe.

Kuna mstari wa kuandika jina la atakayekurudisha. Alikuwa ameandika kwa penseli, halafu akafuta kwa raba. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unasoma Zakayo.

Nilikaa kwenye lile sofa nikalia kwa sauti mpaka Mama Furaha akagonga mlango.

Yule mtu aliyetupokea wote airport kwenye baridi ile hakuwa na mtu mmoja wa kumrudisha Crystal. Hakuwa na shida ya gari. Van yake ilikuwa hapo nje. Alichohitaji ni mtu.

Nilirudi hospitali nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

Sauti yake ilikuwa imeshaisha. Akasema, "Nilikuja kukuomba lift dogo. Nikakuona una furaha, nikasema nisikuharibie siku. Na Alhamisi unapumzika."

"Na wengine? Wote hawa uliowabeba?"

"Kila mtu ana shift."

Daktari alisema uvimbe uko kwenye koo la chakula na umeshatambaa. Nikamuuliza, kama kipimo kingefanyika ile Aprili? Akaangalia chini. Akasema asingeweza kuahidi, ila wangekuwa na njia zaidi za kujaribu. Mimi nilisikia ndiyo.

Basi kuanzia hapo kila Alhamisi nilimpeleka matibabu na kumrudisha. Nilimkunjia blanketi miguuni, lile lile alilonijia nalo airport. Siku moja aliniambia naendesha vizuri sasa, siku hizi sikanyagi breki ghafla kwenye barafu. Hakukuwa na barafu, ilikuwa Septemba. Alikuwa ameanza kuchanganya.

Oktoba alituacha. Tulimsafirisha Bukoba. Kwenye misa ya kumuaga hapa, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje na parking ikaisha. Magari, wakuu. Magari tu, mengi ajabu. Nilisimama pale mlangoni nikayaangalia nikatamani kuyapiga mawe.

Desemba nilirudi ile pub. Sijui nilifuata nini. Nikaagiza glasi moja, nikakaa meza ile ile. Nikatafuta, sijui, alama yoyote. Meza haina hata doa. Wanaipaka nta kila wiki, kijana wa ndevu aliniambia kwa fahari.

Sikuinywa. Niliishika mpaka nikachoka nikaondoka.

Watu wananiambia siku zake zilifika. Padri kaniambia hivyo, wife kaniambia hivyo. Inawezekana. Lakini mimi ndiye niliyeweka glasi, na hakuna wa kuniondolea hiyo.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia kwa mtu. Mtu ambaye haombagi kitu akikwambia ana jambo, funga mdomo. Surprise yako iache. Muulize jambo gani kabla bia haijafika mezani, na asipojibu muulize tena, na ya tatu. Huku ughaibuni watu wanakufa kwa kuogopa kusumbua.

Karibuni mchangie, hata matusi nitayasoma.

Na kama kuna mtu humu yuko Twin Cities, Crystal, Fridley, popote, ana miadi hospitali na ameambiwa aje na mtu wa kumrudisha, aseme hapa hapa kwenye uzi. Sihitaji kukujua. Hata mimi, Kaka Anselm hakuwa ananijua.

Alhamisi bado niko off. Silali.