Namba Zilizokaa Kichwani

Wiki hii nimepata ujumbe kwamba dereva niliyekaa naye chumba kimoja Bani Malik, Jeddah, amefariki kwao Kenya. Niliusoma mara mbili, nikaweka simu kando, nikaendelea kumenya viazi. Msinilaumu, wasomaji wangu. Tangu miaka ile mawakala walipokuwa wakitupeleka Saudia kwa makundi, nimepokea habari nyingi za namna hii, na moyo nao huchoka.

Watu walimjua kwa jambo moja: kukariri namba za simu. Dada zetu wa kazi za nyumbani walinyang'anywa simu, na madam, mwenye nyumba, akiona karatasi yenye namba, ilikuwa kesi. Basi walimtajia dereva namba ya kwao akiwa kwenye usukani, naye akifika chumbani alipiga: "Mama, binti yako ni mzima." Alianza kazi hiyo Riyadh, akizipanga tarakimu kwa maduka ya soko la Al-Dirah, saba kwa muuza udi, mbili kwa muuza vitambaa, na miaka mingi baadaye alizitaja zote bila kukwama. Tulimtania kwamba kampuni za simu zingemwajiri.

Kisha akaugua ugonjwa wa ubongo. Daktari alitueleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopokea mambo mapya, kisha huwasiliana na tabaka la nje, ikiyarudia tena na tena mpaka yakae huko kwa miaka. Sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyoumia. Ya zamani yangebaki, mapya yasingeshika. Mwenzangu alinishika mkono. "Bro, usiambie mtu. Kafili aliyenidhamini akijua, halas, kazi imekwisha, narudishwa nyumbani." Nikakubali. Barabara za Jeddah alizijua tangu zamani, kwa hiyo kazini hakuna aliyeshtuka.

Ijumaa moja mchana aliingia akihema. "Kuna dada amenipa namba ya mamake. Wamemhamisha kutoka Riyadh, kwao hawajui aliko. Piga haraka kabla sijasahau." Akaitaja yote, nikapiga. Alipokea mwanamke mchangamfu, nikamweleza dereva aliyenipa namba: "Huyo kaka! Si ndiye alimpigia mama nikiwa Riyadh? Mimi nilirudi kitambo." Namba ilikuwa sahihi, ila ya dada mwingine, wa miaka ya nyuma. Nilipogeuka kumweleza, aliniuliza, "Kwani umempigia nani?" Niliumia, na bado sikumwambia mtu.

Yule dada aliyehamishwa kutoka Riyadh nilikuja kukutana naye mkataba wake ulipokwisha. Alikuwa amekaa miezi saba akiamini salamu zimefika. Siku aliyopata simu akapiga kwao, mama yake alimkatia akidhani ni tapeli. Kwao walikuwa wameshamfanyia matanga na kugawa nguo zake. Hakunilaumu, maana hakujua kwamba nilijua. Dereva mwingine yeyote angeweza kuipokea namba ile, kama tu ningewaambia akina dada ukweli.

Nimeitazama aibu hii kwa miaka, nami nimechoka kuipa jina la uaminifu. Rafiki anayetegemewa na wengi akianza kusahau, kumfichia si kumpenda. Waambie wanaomtegemea, hata akikununia. Mimi sikusema, na mama mmoja akamlilia mtoto aliye hai.