Kura za Mapema za Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hajawahi kuniuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani nitamtetea mahali fulani huko mbele. Simpendi. Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu nilijaribu kumpenda, nikachoka.

Anaishi Bowie, jimbo la Maryland, huku Marekani, katika nyumba yenye gereji ya magari mawili na majani yanayokatwa kila Jumamosi, na ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, cha watu tunaozungumza Kiswahili. Mtu wetu akifariki huku, iwe Maryland, iwe Pennsylvania, mwenyekiti ndiye anayepiga simu, anayezungumza na watu wa mochwari, anayehangaikia karatasi za kusafirisha maiti hadi nyumbani. Kazi hiyo anaifanya vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini imemfanya awe mtu ambaye hakuna anayethubutu kumwambia hapana. Nani atamuudhi mtu ambaye siku moja atampandisha ndege akiwa ndani ya sanduku?

Mwaka wa uchaguzi wa rais alijiongezea kazi nyingine. Oktoba nzima televisheni zilikuwa na habari moja tu, kura za maoni za watu waliokwisha kupiga kura mapema. Wachambuzi walichora ramani, wakaipaka rangi, wakaifuta. Mgombea wetu, yule mama, alisemekana kuongoza miongoni mwa waliotangulia. Shemeji hakutosheka na hilo. Alisema wale wa televisheni wanawauliza Wazungu, hawajui sisi tunapiga vipi. Akachukua daftari kubwa la jalada gumu, akaanza kuwapigia simu wanachama waliopata uraia, hasa wa Pennsylvania, maana Maryland haikuwa na ubishi na Pennsylvania ndiko kulikokuwa na moto.

Nimekaa sebuleni kwake nikamsikiliza akifanya utafiti huo. Alianza na habari za kazi, za watoto, za mgonjwa. Kisha alisema, "Umeshapiga, eh? Umempa mama, siyo?" Aliyekuwa upande wa pili alisema ndiyo, mwenyekiti. Shemeji aliweka alama ya vema kwenye daftari na kumpigia mwingine. Jioni alijumlisha, akatutumia matokeo kwenye kundi la simu, pamoja na maelezo kwamba mambo yamekwisha.

Ningemcheka tu na kuendelea na maisha yangu, kama mama yangu asingekuwa anasahau.

Mama yuko Muheza, Tanzania, na dada yangu. Mwezi wa nane dada alinipigia akaniambia mama ameweka vitunguu kwenye sanduku la kanga, na amemwita mjukuu wake kwa jina la marehemu baba. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na hautarudi nyuma. Dada hakulia, si mtu wa kulia. Alisema njoo angali anakujua. Nilikuwa sijafika nyumbani miaka tisa.

Karatasi zangu zilikuwa hivi: mume wangu ni raia, maombi yangu ya ukaazi yalikuwa yanasubiri, na mkononi nilikuwa na kibali cha kusafiri na kurudi. Mwanasheria wetu, mama mmoja asiyecheka, alinieleza kama anavyomweleza mtoto. Nenda sasa, rudi kabla ya Januari, yeyote atakayeshinda. Januari ikiingia na serikali mpya, siwezi kukuahidi kitu. Nikakata tiketi ya mwanzoni mwa Novemba. Nikamwambia mama kwenye simu kwamba nakuja Novemba, akarudia, Novemba, Novemba, kama anayekariri ili asilipoteze.

Shemeji aliposikia alikunja uso. Alinieleza mbele ya mume wangu, akiwa na mguu wa kuku mkononi, kwamba nina haraka isiyo na maana. Yule mama anaingia Ikulu, kanuni zitalegezwa, na mwezi wa nne nitakwenda na mume wangu kwa raha zetu, bila kutetemeka uwanja wa ndege. Kisha likaja lile lililomkaa moyoni. Siku ya uchaguzi alikuwa anaandaa sherehe ya ushindi, na pilau alitaka nipike mimi. Mke wake siku hiyo alikuwa na zamu hospitalini, na pilau langu, alisema, halina mpinzani. Mume wangu aliitazama sahani yake. Huyo ndiye kaka aliyemleta Marekani, na tangu hapo hajui kumbishia.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba kulikuwa na arobaini ya mwanachama mmoja, pale pale Bowie. Watu walitoka mbali. Shemeji alisimama karibu na meza ya chakula na daftari lake kwapani, na kila aliyekuja kupakua, kabla hajafikia mchuzi, aliulizwa kama ameshapiga na kama amempa mama. Mtu ana sahani mkononi, ndani ya nyumba ya mwenyekiti, siku ya arobaini ya mwenzake aliyesafirishwa na mwenyekiti huyo huyo, unategemea aseme nini?

Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa naosha vyombo na wanawake wawili waliotoka Pennsylvania kwa gari moja pamoja na waume zao: nesi mmoja Mkenya, na dada mmoja wa Kongo anayefanya kazi kwenye ghala. Nilimuuliza yule nesi, kwa mazungumzo tu, kama kwao nako mama anaongoza kama shemeji anavyosema. Alitazama mlango kwanza.

"Bwanangu alivote last week," akasema. "Alipatia ule mwingine. Anasema bei ya vitu imemchosha. Lakini chairman akimuuliza, atasema ni mama. Si babake alipelekwa home na huyu chairman?"

Nikamgeukia yule wa Kongo. Alikuwa anafuta sahani taratibu.

"Kwetu pia ni vile," akasema. "Bwana yangu alivotia ule mwingine. Miye sikuvotia mutu. Lakini kwa président wa chama tulisema oui, ndiyo. Wewe ungesema nini?"

Yule nesi akacheka kidogo, akaniambia nihesabu mwenyewe. Na yeye mwenyewe, alisema, alikuwa amempa yule mwingine. Ndani ya gari lao walikuja watu wanne, na mama hakupata hata kura moja.

Nilikausha mikono, nikabeba sinia la chai hadi sebuleni. Shemeji alikuwa ameketi kitini kwake, daftari limefunguka gotini. Nilipoinama kumpa kikombe niliuona ukurasa wa Pennsylvania. Majina ya wale wanne yalikuwa yamefuatana, na kila moja lilikuwa na alama yake ya vema, kubwa, ya wino wa bluu. Waume zao walikuwa kwenye kochi wakila na kutikisa vichwa kila alipozungumza.

Aliniambia, watu wote wakisikia, "Shemeji, umeona mwenyewe. Novemba huendi popote."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa kooni kabisa. Ningeweza kusema gari zima limekudanganya, na kama hawa wamekudanganya, wale wa simu je? Lakini ningewaaibisha wale wanawake, ningemvunjia heshima mkubwa wa mume wangu nyumbani kwake, siku ya arobaini, mbele ya wageni. Nimelelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyonitia hasara. Nikasema, "Nimeona, shemeji." Nikaendelea kugawa chai.

Ndani ya gari, tukirudi kwetu Adelphi, nilimweleza mume wangu yote niliyoyasikia jikoni. Alisema maneno ya jikoni ni maneno ya jikoni. Nikamwambia kura zilipigwa na watu hao hao walioko jikoni na kwenye kochi, si na daftari. Akasema kaka ameongea na watu wengi kuliko mimi, na hata televisheni inasema hivyo hivyo. Nilipoendelea, akaongeza sauti ya redio. Kwenye koti lake kulikuwa na kile kibandiko kidogo wanachopewa watu waliopiga kura, alikuwa amekibandika wiki nzima ili kaka yake akione.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya kazi, nikiwa nimeketi jikoni kwa bibi ninayemhudumia huko Beltsville, nilibadilisha tarehe ya tiketi kwa kidole changu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Ningependa kusema shemeji alinilazimisha, ingekuwa rahisi zaidi kumchukia. Ukweli ni kwamba na mimi nilitaka iwe kweli. Nilikuwa naogopa maswali ya uwanja wa ndege, na mtu mwenye daftari alikuwa akiniambia sina haja ya kuogopa. Dada yangu nilimwambia mwezi wa nne. Akasema sawa.

Pilau nilipika. Sufuria kubwa la chama, lile la misiba. Siku ya uchaguzi nililipeleka Bowie mchana nikaenda zamu yangu, na sherehe yenyewe sikuiona. Jumatano asubuhi nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Sufuria lilikuwa juu ya jiko, limechotwa pembeni kidogo tu, mafuta yameganda juu. Shemeji alikuwa sebuleni amevaa singlendi na msuli, televisheni imezimwa. Hakunisalimia. Aliniambia watu wetu ni wanafiki, mtu anakuangalia usoni na kukudanganya. Alisema wanawake hawakujitokeza, vijana hawakujitokeza, kila mtu alikuwa na kosa isipokuwa aliyeuliza. Niliurudisha mfuniko juu ya sufuria, nikaufunga kwa kitambaa, nikamwacha aongee na ukuta.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu kura za maoni za wapiga kura wa mapema, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu. Hata zile za kitaalamu, zilizofanywa na watu wasiomwogopesha mtu yeyote, zinakueleza juu ya waliotangulia kufika. Wanaofika baadaye wana mambo yao. Hilo wachambuzi walilisema kila jioni, kwa sauti ndogo, mwishoni. Shemeji alikuwa anabadilisha chaneli wakifika hapo.

Mwanasheria hakunilaumu. Tulipomwendea Januari alituambia kwa sauti ile ile kwamba kwa karatasi zangu zilivyo, asingenishauri nitoke nje ya nchi hata kwa mazishi. Nikitoka, huenda nisirudi. Mume wangu alikuwa amenishika mkono mezani. Tulipofika kwenye gari aliuachia, akakaa bila kuwasha injini, akaniambia kuna jambo. Hakuwahi kupiga kura. Wiki ile alikuwa na zamu mbili mbili, foleni ilikuwa ndefu, akaahirisha, na siku yenyewe ikampita. Kibandiko alipewa na mwenzake wa kazini.

Alikuwa jina la kwanza kwenye daftari. Nililiona kwa macho yangu, ukurasa wa kwanza, mstari wa juu, vema. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu watoto wetu watakuja kusoma. Nilishuka garini nikapanda basi hadi nyumbani, na kwa wiki mbili tuliongea kuhusu takataka na maziwa tu. Sijui kama nimemsamehe. Naishi naye.

Maombi yangu bado yanasubiri. Tarehe ya mahojiano imesogezwa mara mbili. Mwezi wa nne ulifika ukapita, tiketi nikaiachia.

Jumapili moja ya mwaka huu shemeji alikuja kwetu Adelphi kula. Wakati wa chakula chetu cha mchana kule Muheza ni usiku wa mapema, na huo ndio wakati ninaompigia mama. Sikuona sababu ya kuahirisha simu yangu kwa ajili ya mgeni yule. Niliiweka mezani, kati ya bakuli la maharage na sahani ya chapati, nikafungua sauti ya nje wote wasikie. Dada alimshikia mama simu.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, kwa ile sauti yake ya kuwapokea wageni. Nikamuuliza kama ananijua. Akasema samahani mwanangu, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Nikamwambia ni mimi, binti yako.

"Binti yangu hayupo," akasema. "Yuko Marekani. Lakini anakuja Novemba. Wewe kaa, umsubiri."

Dada alichukua simu akasema atanipigia baadaye. Mume wangu aliinuka akaenda kufungua bomba jikoni, bila kuosha chochote. Nikabaki mimi na shemeji na chakula. Alikuwa ameacha kutafuna. Nadhani aliumia, nitampa hilo. Alijifuta vidole kimoja kimoja, kisha akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Shemeji, mimi hunilaumu, siyo?"

Nilimtazama usoni. Nilisikia maji yakitiririka jikoni.

"Hapana, shemeji," nikasema. "Sikulaumu."

Akashusha pumzi, akanishukuru, akavuta sahani ya chapati karibu.