Miaka Saba Aliyoijaza Jovito

Jovito Mascarenhas alikuwa na miaka hamsini na mitano alipopata kazi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuzifanya. Ilikuwa mwaka 2009, katika idara moja ya chuo kikuu katikati ya Toronto, na kazi yenyewe ilikuwa kusoma. Alikaa mbele ya mashine ya kukuzia filamu, akasoma picha za madaftari yaliyoandikwa miaka mia mbili nyuma katika kituo cha kununulia ngozi za wanyama, kaskazini kabisa, ambako mto hulala chini ya barafu miezi saba kwa mwaka. Makarani wa kituo kile waliandika kila siku: leo theluji imeanza, leo mabata bukini wamerudi, leo barafu ya mto imepasuka. Jovito aliziokota tarehe hizo moja moja, akaziingiza kwenye jedwali la kompyuta.

Mwandiko uliowashinda wanafunzi wenyewe, yeye aliusoma kama gazeti. Kabla ya kuhamia Kanada na mkewe Assunta, alikuwa karani wa forodha bandarini Kilindini kwa miaka kumi na mitano, chini ya karani mkuu aliyeitwa Pyarali. Bwana Pyarali hakufoka. Akiona fomu yenye kisanduku kitupu, aliirudisha mezani kwako mbele ya wenzako wote, taratibu, na siku hiyo hata kunywa chai nao uliona aibu. Makarani wake wakajifunza kujaza. Wasipojua, walikadiria.

Tarehe zote alikusanyiwa Donatienne, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyekuwa akiandika tasnifu ya udaktari. Yeye na Jovito walizungumza Kiswahili na kutaniana. Donatienne alisema Kiswahili cha Jovito kinafaa kusomwa madhabahuni; Jovito akajibu kwamba cha kwake kilisafiri kutoka Kongo kwa treni, na mabehewa mengine yaliachwa njiani. Ni Donatienne aliyemweleza kazi ile ni ya nini. Nchi za kaskazini zilishapoa na kupata joto zenyewe mara nyingi, kabla hakijajengwa kiwanda hata kimoja, na mashahidi ni pete za miti, matope ya chini ya maziwa, na madaftari kama yale. Swali lake lilikuwa moja: ile baridi ya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa iliingia polepole, au ilishuka kwa mwaka mmoja? Ikiwa polepole, sababu itafutwe kwenye jua au mikondo ya bahari. Ikiwa ghafla, huenda ni majivu ya volkano yaliyoziba jua.

Jovito alikuwa ameshalisikia swali hilo alipofika kwenye madaftari ya 1809 hadi 1815. Maji yalikuwa yameyaharibu. Kurasa za Mei na Juni, za miaka yote saba, zilikuwa madoa matupu. Mwaka 1808 barafu ilipasuka tarehe ishirini na moja Mei; mwaka 1816, tarehe kumi na saba Juni. Katikati, visanduku saba vyeupe. Alivitazama mpaka saa ya chakula. Kisha akazigawa zile siku ishirini na saba katika miaka ile, akaongeza siku mbili hapa, akapunguza moja pale, ili safu isionekane imechongwa. Katika daftari lake dogo aliandika kila tarehe aliyoikadiria, na siku alizoongeza au kupunguza, akijiambia kwamba atamtajia Donatienne. Wiki ikapita, akaona aibu kulirudia jambo la wiki iliyopita. Mwaka ukapita.

Machi 2011, siku kumi na mbili kabla ya kutetea tasnifu, Donatienne aliwakusanya watu wa idara ili afanye mazoezi. Ukutani ilionekana grafu ya barafu. Mstari ulikwenda sawa, kisha ukaanza kuteremka kama ngazi ya nyumba. Donatienne akaigusa miteremko ile kwa fimbo, moja baada ya nyingine, akasema hapa ndipo tasnifu yake inaposimama: baridi ilikuja polepole. Halafu akamwonyesha Jovito kwa mkono, akawaambia wenzake kwamba bila macho ya Papa huyu, kama Wakongo wamwitavyo baba, asingekuwa na kitu. Watu wakapiga makofi. Jovito akainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Siku nne alipanda treni kutoka kwake Weston kwenda kazini akiwa amekata shauri la kusema, na siku nne akarudi hajasema. Assunta alimuuliza kama tumbo linamsumbua. Siku ya tano alimweleza. Mkewe aliendelea kukunja nguo, kisha akauliza kama yule binti anajua.

Kesho yake asubuhi Jovito aliweka daftari dogo mbele ya Donatienne, limefunguliwa.

"Hizi si tarehe za kituo," alisema. "Ni zangu."

Donatienne alisoma ukurasa wote, kidole kikishuka nao.

"Saba?"

"Saba."

"Na hizi kuongeza, kupunguza?"

"Nilitaka zifanane na za kweli."

Donatienne aliigeukia kompyuta, akazifuta zote. Mstari ukakatika katikati. Upande huu joto, upande ule baridi, na baina yake hapana kitu.

"Papa," alisema, "ungeniachia tundu, ningetafuta mashahidi wengine. Miaka miwili sikutafuta, sababu nilikuwa na wewe."

Jovito alimwomba waende pamoja kwa profesa aliyeisimamia tasnifu, akajitaja mwenyewe. Hakufukuzwa, ingawa alikuwa amejiandaa. Utetezi uliahirishwa mwaka mzima, Donatienne akaenda kutafuta pete za miti ya kule kaskazini. Miti haikuunga mkono mteremko. Ilionyesha miaka miwili au mitatu ya baridi kali iliyokuja kwa kishindo. Akaandika tasnifu upya na akafaulu. Lakini nafasi ya utafiti aliyokuwa ameahidiwa Montreal ilishachukuliwa na mtu mwingine. Jambo hilo alimwambia Jovito kwenye lifti, kwa sauti ya kawaida, huku akitafuta funguo mkobani.

Donatienne alibaki idarani kwa mikataba mifupi, wakaendelea kufanya kazi pamoja mpaka 2014. Aliendelea kumwita Papa. Utani wa treni hawakuurudia. Kila Ijumaa Jovito alimpelekea kurasa zake pamoja na filamu, akasimama mlangoni wakati Donatienne akilinganisha mstari kwa mstari. Siku moja Donatienne alimwambia akae, kuna kiti. Jovito alishukuru, akabaki amesimama.