Mama Alivyotoa Ushuhuda

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani hatukwenda shule, na sitaki tusamehewe kwa kisingizio hicho.

Daktari wa Nakuru alisema uvimbe kwenye titi la mama bado ni mdogo, na akifanyiwa upasuaji mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Mama alimsikiliza amekumbatia kibeti chake. Kabla hatujafika nyumbani Molo alikuwa ameshaamua kwamba hakatwi. Huku kwetu kila mtu anamjua mtu aliyekatwa akafa, basi husemwa kisu ndicho kinachoamsha kansa. Nilijua wale walikufa kwa kuchelewa. Nilijua, nikanyamaza, maana hata mimi nilikiogopa kisu.

Mtu wa dawa alikuwa na kibanda nyuma ya mabucha ya Kikopey, moshi wa nyama choma ukiingia hadi kwenye mikebe yake. Alivaa koti jeupe. Alitupa unga wa mizizi wa kuchemshwa kwenye supu ya mifupa, na mkebe wa dawa nyeusi ya kupaka.

"Mathe, hii inavuta," alimwambia mama. "Ngozi ikipasuka msiogope. Hapo ujue kansa inatoka."

Ngozi ilipasuka wiki ya tatu, nasi tukafurahi. Naandika neno hilo kwa aibu. Nilimpaka asubuhi na jioni, dawa ikimuunguza, yeye ameng'ata leso, mimi namwambia avumilie kidogo, inatoka. Siku moja kikabanduka kipande cheusi cha nyama. Mama akasema huo ndio mzizi wenyewe. Tuliuzika nyuma ya shamba la viazi, na jioni hiyo alikula vizuri.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani. Kwetu aliyetendewa jema hutoa ushuhuda, na mama alijua kuzungumza. Alisema Mungu amemponya kwa mizizi aliyoiumba mwenyewe, bila kisu. Watu walipiga vigelegele. Pasta akamwinua mkono juu. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma.

Kidonda hakikufunga. Kilipanuka, kikaanza kunuka, na uvimbe mwingine ukatokea kwapani. Nikamwambia turudi Nakuru.

"Nirudi vipi?" aliniuliza. "Si nilisimama mbele ya watu wote? Nikionekana hospitali, Mungu ataonekana muongo."

"Mungu hajadanganya mtu, mama. Ni sisi tumedanganywa."

"Mwalimu, wachana na mimi."

Kwa hiyo tulificha. Kanisani alihamia benchi la nyuma karibu na dirisha, amejipulizia marashi hadi macho yanawasha, na akiulizwa hali anajibu, "Niko fiti kabisa." Watu husema majuto huja baadaye. Yangu yalikuja kila asubuhi nikifungua bandeji. Nilimchukia yule mtu wa Kikopey, nikamkasirikia mama, na zaidi ya wote nikajichukia mimi, mwenye vyeti. Miezi minne ikapita hivyo. Alipoanza kukohoa usiku kucha, nilimpeleka hospitali bila kumwomba ruhusa. Daktari ni yule yule. Hakutugombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema kansa imefika kwenye mapafu, hakuna tena cha kukata, akamwandikia dawa za maumivu.

Wiki mbili baadaye alikuja mama mmoja wa kanisani, wa rika la mama, ameleta maziwa. Aliongea kuhusu mvua na bei ya viazi, halafu akashusha sauti. Naye alikuwa na uvimbe. Hospitali walitaka kumkata, amekataa.

"Nilikuwa hapo siku ya ushuhuda wako, dada," alisema. "Nionyeshe huyo mtu anapatikana wapi."

Mama alifungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, na kuniambia nitoe bandeji. Sikutaka. Akarudia kwa ukali, nikaitoa.

"Angalia," alimwambia. "Hakuna mtu nimemwonyesha isipokuwa huyu na daktari. Mimi sikupona. Niliwadanganya kwa sababu nilijidanganya kwanza. Kesho asubuhi uende Nakuru wakukate."

Mgeni alifunika mdomo kwa leso. Alilia kwa kweli, akamshika mama goti, akamwombea. Nilimwona mama akilegea mabega kama aliyetua kuni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nilimwonea fahari.

Mgeni alipangusa macho.

"Pole sana, dada," alisema. "Lakini ulimaliza dozi?"

"Nilimaliza. Huyu ndiye alikuwa ananipaka."

Basi akanigeukia mimi, na kwa heshima kabisa akaniuliza kama dawa ilibaki kidogo.