Rangi ya Kijani kwenye Paja la Punda

Nilipaswa kusema hapana. Dalali wa mnada alinisogezea karatasi juu ya meza ya mgahawa, nikaisoma mara mbili, nikatoa kalamu yangu mwenyewe mfukoni nikatia sahihi. Hakuna aliyenilazimisha. Sikupewa kitu chochote, na hata chai niliyokunywa nilijilipia. Naandika hayo mapema kwa sababu watu wema wa huku kwetu wamekuwa wakinitafutia visingizio, na mimi sivitaki.

Karatasi ile ilisema kwamba chama chetu cha kutetea wanyama kinakubali punda wanunuliwe mnadani Handeni na kupelekwa kuchinjwa kwa ajili ya ngozi, mradi masharti yafuatwe. Masharti niliyaandika mimi. Punda anywe maji kabla ya safari. Asipakiwe mwenye mimba. Asipigwe kwa chuma. Na asipande lori punda yeyote ambaye chama hakijamkagua na kumpaka rangi ya kijani pajani.

Chama chenyewe tulikianzisha watu wawili, mimi na shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Mimi niliishia kidato cha nne, nikafanya ukarani kwenye mashamba ya mkonge hadi nikastaafu na kujenga Makuyuni. Yeye aliolewa Handeni akabaki huko, akilima mahindi yake. Siku moja nilimkuta uani anamsafisha punda wa jirani kidonda cha mgongoni, kirefu kiasi cha kuingiza ngumi. Kamba ya katani ilikuwa imekula nyama hadi karibu na mfupa. Nilipima katani maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza inakwenda kumfunga nani.

"Shika kichwa, shemeji," akaniambia, "usisimame kama umekuja kupiga picha."

Nikashika. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba, yeye mbele na mimi nyuma na daftari. Tulishona magunia ya zamani, tukayajaza sufi, tukawaonyesha watu jinsi ya kuyaweka chini ya madumu ya maji. Tuliosha vidonda na kupaka dawa ya zambarau. Tulinywesha dawa ya minyoo, na punda aliyekwisha kunywa tulimpaka mstari wa kijani pajani ili asinyweshwe mara mbili.

Kwa wafugaji wa kule nyikani, punda ni mali ya wanawake. Wao ndio wanaompakia maji, wao ndio wanaomjua. Mwanzoni walitucheka. "Mnawapamba mnawaoza kwa nani?" mmoja aliuliza, na wenzake wakapiga makofi. Shemeji aliwaita yeyo, kama wanavyowaita mama zao, nao baada ya miezi wakamwita yeyo vilevile. Ikafika mahali mwanamke akiona mstari wa kijani anajua mnyama huyo ameshikwa na mikono salama.

Kisha wakaja wanunuzi wa ngozi, na sisi tukagawanyika.

"Tutawazuia na nini?" nilimuuliza shemeji tukiwa tumekaa jikoni kwake. "Tuna mkebe wa rangi na chupa za dawa."

"Tuna midomo. Tunakwenda kwa akina mama, tunawaambia wasiuze. Nyumba kwa nyumba, kama tulivyoanza."

"Na waume zao wakiuza?"

"Wauze bila sisi."

Nikamwambia punda watakufa tu, tukatae au tukubali, na kwamba ni afadhali afe aliyekunywa maji kuliko afe mwenye kiu. Nikamwambia wanaokataa kila kitu hurudi nyumbani na mikono safi huku mnyama akiteseka vilevile. Nilikuwa na maneno mengi siku hizo.

Alicheka. "Wewe hata kaburini utadai mhuri kwanza ndipo ulale."

"Na wewe utagombana na malaika."

"Nitagombana nao kama wamekuja na lori." Kisha akaacha kucheka. "Shemeji, huwezi kumlinda mtu na hapohapo ukamwandikia cheti cha kuchinjwa. Chagua kimoja."

Mgawanyiko huo haukuwa wetu wawili tu. Kwenye kundi letu la simu wanachama waliojiunga nasi baadaye walibishana wiki nzima, wengine wakitaka tupunguze maumivu, wengine wakitaka tukatae biashara nzima. Hao wa kukataa niliwaita watoto, ingawa miongoni mwao alikuwamo shemeji, mwenye wajukuu. Tulipopiga kura zikalingana, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Kura ya kuamua ikawa yangu.

Mnada wa kwanza nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Mabirika yalikuwa na maji. Nilimrudisha jike mwenye mimba mbele ya watu na dalali hakupinga. Nilipaka rangi kwa mkono wangu, nikitumia mkebe uleule wa siku zote kwa sababu ulikuwa umebaki na sikuona haja ya kununua mwingine. Nilifanya kazi ya ukarani miaka yote ile, na bado sikuona kwamba alama moja haiwezi kubeba maana mbili.

Mnada wa pili niliwakuta punda wengi tayari wako kwenye zizi la kupakia, kila mmoja na mstari wa kijani uliofifia. Sikuwa nimewapaka siku hiyo. Nilisogea nikawatazama migongo. Palipokuwa na vidonda pameota manyoya meupe. Niliwajua mmoja mmoja.

"Hawa umewakagua lini?" nilimuuliza dalali.

"Si mimi, mzee wangu, ni nyie! Hawa mlishawapaka zamani. Mmeturahisishia kazi, Mungu awabariki."

Alikuwa amezunguka maboma ya wafugaji na nakala ya karatasi yenye sahihi yangu. Aliwaambia wanaume kwamba wenye kijani wamepitishwa na chama. Wanawake waliposikia ni chama, wakadhani ni dawa ya minyoo tena. Waliwafungulia punda wao wenyewe. Wengine waliwasindikiza hadi barabarani.

Nilipanda juu ya ngazi ya kupakilia nikachana karatasi yangu mbele ya mnada mzima. Nikapaza sauti kwamba mkataba umevunjika.

"Mzee, hiyo uliyochana ni kopi," dalali akasema. "Yenye wino ninayo mimi."

Watu wakaangua kicheko. "Babu wa punda!" mmoja akapiga kelele. Nikashuka, nikaenda nikaketi mbele ya gurudumu la lori, kwenye mavi ya ng'ombe, na kanzu yangu. Wapakiaji wawili wakaja kunishika makwapani, kwa adabu zote. "Samahani, mzee. Nyanyua mguu, mzee. Shikamoo, mzee, usituumize." Wakaniweka pembeni kama gunia la mahindi, na lori likaondoka.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mtu wa umri wangu hakupaswa kujidhalilisha vile. Lile silijutii hata kidogo. Ningeketi tena kesho. Aibu yangu iko kwenye ile meza ya mgahawa, nilipokuwa nimevaa vizuri na watu wakiniheshimu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Alikuwa uani na mwanamke mmoja wa nyikani, wanamsugua punda paja kwa mchanga na mafuta ya taa. Nilipiga hodi.

"Unamtafuta nani, mzee?" akauliza, bila kugeuka. Miaka yote ile hakuwahi kuniita mzee.

"Nimekuja tusaidiane."

"Tumeshamaliza."

Hawakuwa wamemaliza, mstari ulikuwa bado unaonekana. Nilisimama pale hadi nikaelewa, nikaondoka.

Yeye na wale wanawake waliendelea bila mimi. Siku za mnada waliwapeleka punda kuchota maji mapema na hawakuwarudisha hadi malori yaondoke. Walizunguka vijiji hadi upande wa Mashewa wakisema neno moja, hatuuzi. Baadaye biashara ile ikapigwa marufuku nchini, na waliosikilizwa ni wale waliosema hapana tangu siku ya kwanza. Hawakuwahi kuketi na dalali kupanga jinsi punda atakavyokufa vizuri.

Wapo wanaoniambia njia zote mbili zilihitajika, ya mazungumzo na ya kukataa. Labda kwingineko. Mimi nasema niliyoyaona: dalali hakuwa na haja ya huruma yangu, alihitaji jina langu, na nilimpa. Na wapo wanaosema nimekuza jambo, punda ni punda tu. Hao siwajibu kwa upole tena.

Shemeji alifariki mvua zilizopita. Nilituma salamu nyingi kabla ya hapo, na hakuna iliyojibiwa. Kwa sahihi ile nilipoteza wanyama tulioponya pamoja, nikapoteza imani ya wanawake waliotukabidhi punda wao, na yeye akafa bila kunisamehe.