Firigisi Iko Wapi

Mume wangu hakuwa mlevi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Tunduma, ukiwaambia ulikuwa unapigwa, swali lao la kwanza ni pombe. Alipiga akiwa na akili zake timamu, amenawa mikono, amekaa mezani, na karibu kila mara sababu ilikuwa chakula. Maharage siku ya pili mfululizo, kofi. Ugali ukiwa laini, bakuli lilirushwa ukutani na mimi nikafuata. Mchicha bila karanga ulikuwa teke la chini ya meza, la siri, eti mtoto asione. Mtoto aliona. Akazoea kula harakaharaka, kigoda chake kakiweka mlangoni.

Kile kigoda cha mlangoni kiliniuma kuliko makofi. Nilitaka jambo moja tu, binti yangu ale chakula chake hadi mwisho, nyumbani kwao, bila sahani kupaa. Na kwa kuwa kila vita ilianzia kwenye sufuria, nikajidanganya kwamba inaweza kuishia humohumo. Nikaenda kutafuta kitabu cha mapishi.

Karibu na mpaka alikuwepo mama mmoja wa upande wa Zambia aliyetandaza vitabu vikuukuu kwenye turubai, kati ya viatu vya mitumba na mafungu ya nyanya.

"Mayo, chagua," aliniambia, akiniita mama kwa heshima ya kwao. "Vya Kiswahili hapa, vya Kizungu pale."

Cha kwanza kilikuwa na picha za kung'aa, lakini kila ukurasa ulidai tui la nazi. Nazi hufika kwetu kwa lori, imechoka, na anayeinunua ni mwenye harusi. Cha pili kilikuwa cha Kizungu na kila kitu kiliingia kwenye oveni. Mimi nilikuwa na jiko la mkaa lililosimama kwa msaada wa jiwe. Cha tatu kilikuwa chini kabisa ya rundo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Kilikuwa chembamba, jalada halipo, kinafundisha milo ya familia kwa gharama ndogo: dagaa, matembele, maharage, mayai. Kurasa zake zilijaa madoa ya mafuta, na hapo ndipo nilipokiamini. Kitabu cha mapishi kisicho na doa ni jembe ambalo halijawahi kulima.

Na kweli kilifanya kazi. Nilikaanga dagaa kwa limau na pilipili hoho, mume wangu akala kimya. Nikaponda maharage nikayaunga kwa karoti, akaongeza. Wiki zikapita bila mkono kuinuka. Siku moja nikamwona binti yangu amesogeza kigoda chake hadi katikati ya chumba, na nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Kuanzia siku hiyo nilikitii kile kitabu kuliko nilivyowahi kumtii mchungaji.

Ndipo kaka yake mume wangu akaja kutoka Kamsamba na gunia la mchele. Mgeni huyo hachinjiwi dagaa. Nikachinja kuku, nikafungua kitabu. Kilisema firigisi, maini na shingo vikatwekatwe vidogo kabisa, vikaangwe na vitunguu, viingie kwenye mchuzi, hivyo kuku mmoja atatosha milo miwili. Nikakatakata.

Mimi ni mtoto wa Ruanda, kule Mbozi, nimekulia kwenye mji wa kahawa na mahindi. Kwetu kuku ana wenyewe kabla hajashikwa, na firigisi ni ya baba. Mama aliiweka nzima juu kabisa ya bakuli lake, ionekane. Isipoonekana, maana yake ni moja tu: mwanamke kampa mwanamume mwingine. Haya niliyajua tangu sijaota meno. Lakini kitabu kilikuwa kimenipa amani, na mwenye amani husahau.

Shemeji alikoroga bakuli kwa kijiko. Akainua paja, akalirudisha. Akakoroga tena.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa kwako firigisi anakula nani?"

Mume wangu alinigeukia. "Iko wapi?"

"Imo," nikasema. "Nimeikatakata humo ndani. Kitabu kinasema..."

"Nionyeshe."

Mungu wangu, nikaanza kuitafuta. Nilichukua kijiko nikawa nachokonoa mchuzi mbele ya wanaume wawili. "Hii hapa. Na hii. Hapana, hiyo ni ini." Mwiko wa ugali ulinipata sikioni kabla sijamaliza. Wa pili ulitua mdomoni, upande wa kushoto, na ndani ya kichwa nikasikia mlio wa mtu aliyetafuna wali wenye mawe. Yalikuwa magego yangu. Akanishika nywele, akanigonga ukutani, akauliza ni nani, ni nani huyo. Shemeji alisogeza bakuli lake lisidondokewe na damu, akaendelea kula.

Kisha nikamwona binti yangu. Alikuwa mlangoni tena, mguu mmoja nje. Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata kabla wala baada. Nilinyakua sufuria jikoni, na mchuzi wa ule mlo wa pili nikammwagia mume wangu wote kifuani. Alipiga ukelele. Nilifurahi, sitasema uongo. Nikamshika mtoto mkono tukatoka, na tulipofika stendi ndipo nikaona amebana kwapani kile kitabu.

Ruanda, mama yangu alinichemshia maji ya chumvi, akayatia kwenye ndoo. Alinifungua taya kwa vidole vyake, akatazama mashimo ndani, machozi yakamlengalenga. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, na hiyo firigisi ulimpa nani?"

Niliipiga teke ile ndoo, maji yakaenea uani. Mama yangu nampenda, lakini swali lile sijamsamehe.

Nilirudi Tunduma, nikapanga chumba, nikaanza kuwapikia madereva wa malori walio kwenye foleni. Mume wangu alikuja mara moja kunichukua. Nilimpokea na mchi wa kinu mkononi, akakumbuka ana shughuli kwingine. Vitabu vya mapishi bado nanunua, na siku hizi naanzia ukurasa wa kuku.

Jumapili iliyopita binti yangu, ambaye sasa ananizidi urefu, alichinja kuku akapika kwa kitabu kilekile chembamba. Alipofika kwenye ule mstari hakuufuata. Aliniletea bakuli, na firigisi ilikuwa juu yake, nzima.

"Kula, mama," akasema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Sikuwahi kuionja maishani. Niliitia mdomoni. Kumbe ni kinyama kigumu tu, cha kuvutana nacho. Kushoto sina tena cha kutafunia, nikakisogeza kulia, nikatafuna polepole, na binti yangu akala chakula chake hadi mwisho, ameupa mlango mgongo.